Lango Lililohama

Ukimuuliza Mama Deusi alikula nini siku aliyofika Mwakitolyo mara ya kwanza, hatakwambia kwamba amesahau. Atakwambia alikula michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, kwenye sahani ya bati iliyotoboka, na kwamba mwanamke aliyempa sahani hiyo alikuwa amevaa viatu visivyofanana, kimoja cha kiume. Hayo yana zaidi ya miaka ishirini. Wateja wake pale stendi ya Masumbwe, anapouza chai asubuhi na ugali mchana, walikuwa wakimjaribu kila siku kwa mambo ya zamani, na kila siku waliumbuka. Hakuwa na daftari wala picha. Alikuwa na kichwa chake tu, na kiburi cha kichwa hicho, nami sitamfichia: kiburi kilikuwa kingi.

Jina la ubatizo ni Apolonia. Kwa miaka kumi na minane aliyafuata machimbo na masufuria yake. Palipotokea rashi, yaani habari imeenea kwamba mawe yameonekana porini na watu wanamiminika huko kabla hata ya kuuliza maji ya kunywa yako wapi, yeye alikuwa keshafunga vyombo. Alianzia Maganzo kwenye almasi, akaja Mwakitolyo kwenye dhahabu, akaizunguka Geita yote, akamalizia Lubeho, machimbo yaliyo mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka Masumbwe. Mume alimwacha njiani, au yeye ndiye aliyemwacha mume, inategemea unamuuliza nani. Magoti yalipoanza kumgomea akatulia mjini na mwanawe wa pekee, Deusdedit, ambaye watu wote wanamwita Deusi. Na Deusi, kama ilivyo ada ya vijana wa huku, alipokua tu akaingia kwenye maduara, yale mashimo membamba ya wachimbaji wadogo yanayoshuka ardhini mpaka mtu aliye juu asionekane tena.

Namna Mama Deusi alivyokumbuka ilikuwa kioja cha kutazama. Alifumba macho, akainua mkono wa kulia mbele ya kifua, akaanza kuchomoa vitu hewani: kimoja, cha pili, cha tatu. Ilikuwa ni miti mitatu ya lango la kwao, kijijini karibu na Maganzo, lango lililotazama machweo. Akishaichomoa anaingia bomani kwa mawazo na kuzikuta safari zake zote zimekaa alikoziacha.

Elimu hiyo alipewa na bibi yake, Mageni, ambaye hakujua a wala be, lakini alikuwa akienda kwa miguu kuuza chumvi minada ya mbali na kurudi akiwa na majina ya watu wote aliolala kwao.

"Safari ni mgeni, mayu," bibi alimwambia, akimwita mama kama wazee wa Kisukuma wanavyowabembeleza wajukuu. "Ukimleta nyumbani mpe mahali pa kulala, la sivyo ataondoka alfajiri bila kuaga. Na umvishe kituko. Mbuzi wa kawaida utamsahau. Mbuzi aliyevaa kofia ya padri utamsahau?"

"Sitamsahau, bibi."

"Basi. Na uingie kwa lango moja, siku zote. Anza mkono wa kulia, zunguka, utokee ulikoingilia."

Kwa nini lango moja, bibi hakueleza, na Apolonia alikuwa mtoto, hakuuliza. Alichofanya ni kutii. Maganzo aliilaza kwenye jiwe la kusagia: jogoo anatema vijiwe vinavyometa, na dalali amemwingiza tochi mdomoni. Mwakitolyo aliilaza kwenye banda la mbuzi, na beberu mmoja akamvisha vile viatu visivyofanana. Lubeho ilikuwa kubwa, akaigawa. Kule Lubeho jiko lake lilikuwa mbele ya jabali moja, na akikaa ameipa mgongo barabara ya Masumbwe, maduara yalikuwa moja kulia kwake, mengine kushoto. Basi ya kushoto akayaweka zizini, kushoto kwa anayeingia langoni, kwa sababu yalikuwa makavu: ng'ombe wanatafuna vumbi na kukohoa. La kulia akaliweka upande wa kulia, kwenye kihenge cha nafaka.

Hilo la kihenge lilikuwa la Marselino, mchimbaji mzee kutoka Kigoma aliyekuwa akila wali kwa mkono wa kushoto. Duara lake lilipiga maji mwaka wa mwisho wa rashi. Pampu zilishindwa, watu wakatoka salama, mdomo wa shimo ukazibwa kwa magogo na kifusi, na njia zake zote za chini, ndefu kama mizizi ya mkuyu, zikabaki zimejaa maji gizani. Majani yakaota juu. Marselino akafa kwao kwa maradhi, na wenzake wakatawanyika. Kichwani mwa Mama Deusi, Marselino alikuwa amekaa ndani ya kihenge kilichojaa maji hadi shingoni, sahani ya wali ameiinua juu isilowe. Kila alipopita hapo alicheka.

Mwaka jana, mwezi wa tano, mama yake Apolonia alifariki. Akaenda kuzika. Alipofika alikuta barabara mpya imepita nyuma ya boma, upande wa macheo, na mdogo wake Thobias, mwenye mji sasa, amefuata barabara. Lango la zamani lilikuwa limezibwa kwa minyaa. Upande wa pili Thobias alikuwa ametundika geti la bati, la bluu, la kusukuma kwa kiganja.

"Dada, magari yanaingia mpaka ndani," Thobias alijisifu.

Apolonia alimwambia amefanya vizuri, na alikuwa anasema kweli. Alikaa pale matanga na baada ya matanga, akaja akafikisha mwezi na siku. Asubuhi alisukuma lile geti kwenda kuchota maji, mchana kupokea wageni wa msiba, jioni kurudi na kuni. Kisha akarudi Masumbwe, akafungua biashara yake, watu wakampa pole, naye akaendelea kuwasimulia safari zake kama kawaida. Laiti mtu angemwambia kitu siku hizo. Lakini angemwambia nini?

Jumapili moja ya mwezi wa tatu mwaka huu, mvua zikiwa zimepamba moto, Deusi alikuja kula kwa mama yake akiwa na watu wawili. Mmoja alikuwa George, msimamizi wa duara lao jipya la Lubeho, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani. Wa pili alikuwa Adam, kijana wa Kondoa, mwembamba, mpole, aliyefundishwa adabu mpaka ikapitiliza. Adam alikuwa akimwamkia Mama Deusi kila alipomwona, hata kama alitoka nje kunawa mikono tu akarudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. We Adam, utanimalizia marahaba zangu. Wengine niwaitikie nini?"

Adam alicheka akainamisha kichwa, na baada ya kula, alipomrudishia sahani, akamwamkia tena.

George ndiye aliyeeleza shida yao. Duara walilichimba mbele kabisa ya lile jabali. Sasa wamefika chini na mwamba umegawanyika, mkono mmoja unaelekea kulia, mwingine kushoto. Wa kulia unang'aa kuliko wa kushoto. Lakini wamesikia kwamba mitaa hiyo kuna shimo la zamani lenye maji, la mtu mmoja Marselino, na hakuna anayejua liko wapi. Wakilitoboa kwa bahati mbaya, hakuna atakayetoka.

"Ndiyo nikamwambia George twende kwa mama," alisema Deusi. "Ukiipa mgongo barabara, Marselino alikuwa upande gani?"

Mama Deusi aliweka mwiko chini. Akafumba macho. Akainua mkono wa kulia mbele ya kifua, kiganja wazi, akasukuma. Mwenzake Euphrasia, anayemsaidia kupika na kuosha vyombo, alikuwa amekaa mbele ya beseni la sahani anamtazama, na akaona tena kitu kilichokuwa kikimshangaza siku nyingi, lakini wageni walikuwapo, akaendelea na sahani zake.

Mama Deusi akaingia. Akamwona Marselino na sahani yake ya wali, kama alivyomwacha, maji shingoni.

"Kushoto," alisema. "Msiguse kushoto. Kulia ni kwenu."

George alipiga makofi. Deusi hakupiga. Alikuwa mtoto mwangalifu tangu utotoni, wa kuonja uji kwa ncha ya ulimi kwanza.

"Una uhakika, mama? Nikuchukue na pikipiki kesho, ukasimame pale pale uone."

"Magoti haya niyapitishe kwenye tope lile kwa jambo ninalolijua?" Mama Deusi alikuwa ameudhika, na aliudhika mbele za watu. "Deusi, mimi ndiye wa kuulizwa kama nina uhakika?"

Hapo Deusi akaomba radhi. Waliondoka watatu kwenye pikipiki moja, na Adam aliyekaa nyuma kabisa aligeuka akapunga mkono.

Siku zilizofuata mvua haikukata. Mama Deusi alikuwa na kitu kinachomkereketa moyoni, na hakujua ni kitu gani. Jumatatu alitia chumvi kwenye chai. Jumanne dereva mmoja wa lori alimwomba habari za Mwakitolyo, akaanza kusimulia, na kwa mara ya kwanza akatambua anamkuta beberu wake wa viatu mwisho wa mzunguko, wakati zamani alimkuta mwanzo. Kisha akasema uzee huo, akaendelea. Lakini usoni hakuwa na furaha, na jioni hiyo alimpigia Deusi simu kumuuliza tu kama amekula. Deusi alimwambia amekula, na kwamba njia ya kulia inakwenda vizuri, wamesogea sana.

Jumatano, saa sita mchana, dereva yule yule alirudi na abiria wake wawili, akawaambia wakae waone maajabu ya mama huyu. "Mama Deusi, hebu wapeleke Maganzo!" Mama Deusi akafumba macho, akainua kiganja, akasukuma.

Euphrasia alishindwa kujizuia. "Mwenzangu, siku hizi umeacha kuchomoa?"

"Kuchomoa nini?"

"Si ulikuwa unafanya hivi?" Euphrasia alichomoa hewani, kimoja, cha pili, cha tatu, na povu la sabuni likamrukia usoni. "Tangu urudi msibani unasukuma tu. Hata Jumapili, na akina Deusi, ulisukuma. Nikasema mwenzetu kapata mlango wa kisasa!"

Wateja walicheka. Mama Deusi naye alianza kucheka, kisha akakatiza. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka mbele yake, kiganja wazi, na aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Akakaa juu ya dumu la maji. Akafumba macho tena, na safari hii akajilazimisha kuzunguka boma kwa nje, akapita lile geti la bluu, akaenda mpaka upande wa machweo, akaichomoa miti yake ya zamani: mmoja, wa pili, wa tatu. Akaingia.

Zizi lilikuwa kushoto. Kihenge kilikuwa kulia, si kushoto kama alivyokikuta akiingilia nyuma, kwa geti la bluu. Marselino alikuwa kulia, na sahani yake juu, na safari hii hakuchekesha hata kidogo.

"Mungu wangu," alisema Mama Deusi. "Nimewapeleka kwenye maji."

Alipiga simu ya Deusi. Haikupatikana, chini ya ardhi hakuna mtandao. Akampigia George. Iliita mpaka ikakatika, akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Aliacha sufuria motoni, akaacha hela mezani, akapanda pikipiki ya kwanza aliyoikuta stendi akiwa na aproni yake na mwiko mkononi.

Nusu saa ya Lubeho siku hiyo ilikuwa saa nzima. Mahali pawili pikipiki ilizama, akashuka akasukuma na magoti yake yale yale aliyoyaonea huruma Jumapili. Kila walipopita dimbwi aliliangalia maji namna yalivyotulia. Alikuwa anasali, lakini sala ilikuwa haiendi mbele. Alikuwa akirudia neno moja tu, kulia, kulia, kulia, mpaka mwenye pikipiki akadhani anamwelekeza njia na kukata kona ya bure.

Lubeho alilikuta jabali lake likiwa limemegwa nusu kwa nyundo, na mbele yake duara, na juu ya duara kibanda cha maturubai. George alikuwa amesimama kwenye rola, lile gogo la kuzungushia kamba, simu yake imening'inizwa mtini kwenye mfuko wa nailoni isilowe.

"Mama! Umetuletea baraka!" alipaza sauti. "Mwamba umelainika toka asubuhi! Moko inaingia kama kwenye kiporo cha ugali!"

Moko ni nondo ya kuchongea mwamba, na mwamba mgumu haulainiki hivi hivi. Hilo mpishi wa machimbo alilijua.

"Unatoa maji?"

"Jasho kidogo tu, mama, mwamba unatoka jasho..."

"Watoe, George! Ni kulia! Marselino yuko kulia! Watoe watoto!"

George alimwangalia mara moja, na lazima aliona kitu usoni mwake, kwani hakuuliza la pili. Aliivuta kamba mara tatu, ishara ya kutoka, kisha mara tatu tena. Chini walikuwa watatu: Maduhu wa kujaza mifuko, aliyekaa karibu na shimo, Deusi katikati ya njia, na Adam mbele kabisa kwenye mwamba, kwa sababu ya wembamba wake. Maduhu alikuja juu wa kwanza, analalamika kwamba saa ya kula haijafika. Kamba ikateremka. Mama Deusi alipiga magoti ukingoni akaita jina la mwanawe ndani ya lile giza, na sauti ya Deusi ikajibu kutoka mbali sana kwamba anakuja, ila anamwita Adam kwanza.

"Njoo wewe!" alipiga kelele Mama Deusi. "Deusi, njoo wewe!"

Alisema hivyo. Baadaye hakuna aliyemkumbusha, na yeye hakusahau.

Rola ilizunguka. Kichwa cha Deusi kilikuwa kimetokeza na George amemshika mkono wakati mlio ulipotoka chini, mlio wa ng'ombe wengi wanaotoka zizini kwa pamoja. Upepo wa baridi wenye harufu ya matope ya zamani ukapanda ukawapiga usoni. Halafu maji, meusi, yakaja juu taratibu kuliko walivyotegemea, yakafika nusu ya duara, yakatulia. Kipande cha gogo kilichooza kikaibuka kikazunguka. Waliita jina la Adam mpaka sauti zikawakauka, na kamba waliyoiacha majini haikuvutwa.

Pampu zilifanya kazi siku tatu kabla ya kumpata. Baba yake alikuja kutoka Kondoa kumchukua, mzee mwembamba kama mwanawe, na Mama Deusi alimfuata mbele ya watu wote akamwambia: mimi ndiye niliyesema kushoto wakati ni kulia. Aliwaambia hivyo hivyo na wakubwa wa serikali waliokuja kulifunga eneo. Watu walimvuta pembeni, wakamwambia ni mipango ya Mungu, mama, usijitese. Mzee wa Kondoa hakumlaumu. Alimwuliza tu kama kijana wake alikuwa na adabu huku ugenini. Mama Deusi aliitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Miezi imepita. Deusi ameacha maduara, anaendesha pikipiki. Euphrasia bado anaosha vyombo, na hajawahi tena kumtania mwenzake kuhusu mikono. Biashara inaendelea, kwa sababu watu wanakula hata watu wanapokufa, na wateja wageni wasiojua mambo wakisikia kwamba yule mama ana kichwa cha ajabu wanamwomba awasimulie. Mara nyingi anakataa. Wakati mwingine, wakimsihi sana, anakubali.

Amejaribu kupitia lango la zamani. Amesimama upande wa machweo akatafuta miti yake mitatu, lakini siku ile alipoihitaji kuliko siku zote ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Sasa kila akienda anakuta minyaa ya Thobias imesimama ukuta mzima, na utomvu wake unamwagika. Limebaki geti la bluu tu. Na safari ile ya Lubeho, ya Jumatano, hakuilaza popote, hakuivisha kituko chochote. Ilijitafutia mahali yenyewe, pale pale getini.

Wiki iliyopita alikuja mwalimu mmoja, mgeni, akaagiza chai, akamwomba ampeleke Maganzo ya zamani. Mama Deusi alifuta mikono kwenye aproni. Akafumba macho, akainua kiganja, akasukuma. Mwalimu akamsikia akiitikia kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeamkiwa na mpita njia.

"Marahaba, mwanangu."

Mwalimu aligeuka kutazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu.